Kurasa Alizozifuta Makasi

Kwenye kampuni ya vitabu walimwita Makasi, na jina alilipenda. Mswada ukiingia mezani kwake umenona, ulitoka mifupa mitupu. Ubaya wa mhariri wa namna hii ni kwamba hata kwa ndugu zake haweki kalamu chini.

Dada yake mkubwa alikuwa amelazwa, saratani imemmaliza, macho hayaoni tena herufi. Madaktari walishakata tamaa. Aliomba jambo moja tu: kabla hajafa, asomewe mpaka mwisho riwaya yake ya mapenzi, ile iliyochakaa kwa kushikwashikwa. Makasi aliiona takataka. Lakini damu nzito kuliko maji, akaichukua, na ili asome bila kukwama akapitisha wino mweusi juu ya kila alichokiona porojo. Kwenye kitabu cha mgonjwa! Ujuaji mwingine ni maradhi, jamani.

Saa ya kuona wagonjwa akaketi kando ya kitanda, akasoma mbio mbio. Dada akainua kidole.

"Mdogo wangu, umeruka."

"Nimeruka nini, dada? Yule mama anapika, anaita wanawe, anawapakulia, kurasa nzima nzima! Hapo hakuna hadithi."

"Hapo ndipo ninapopapenda. Hayo mabusu nilikuwa nayapita tu."

Makasi akacheka. Dada hakucheka.

"Mama alipokufa wewe ulikuwa unanyonya. Nikakulea, na mimi mwenyewe mtoto. Hakuna aliyewahi kuniambia njoo ule. Humo kitabuni nilikuwa naitwa na mimi. Nisomee."

Makasi akafungua. Weusi mtupu. Akaelekeza ukurasa dirishani, akakodoa macho, hakuambulia hata neno. Akaanza kubuni: mama akawaita wanawe, wote wakaja mbio...

"Sivyo," dada akasema taratibu. "Anaanza kumwita yule mkubwa."

Makasi akajaribu tena, sauti ikamkatikia katikati. Mtu mzima na ndevu zake akaangua kilio wodini, wagonjwa wengine wakageuza nyuso. Alijichukia. Dada akanyoosha mkono kwa shida, akampapasa kichwa.

"Basi, nyamaza. Mbona umekonda hivyo? Umekula leo?"

Jioni ile dada alifariki, na hata kitabuni hakuitwa tena.