Majivu Yasiyooshwa

Bakuli za mke wangu Rahima zilinyonya mafuta. Agnes, mwenye mgahawa Masasi mjini, alizijaribu kwa supu, kisha akazirudisha. Alisema umbo analipenda, lakini baada ya siku chache hunuka hata zikisuguliwa kwa sabuni. Akipata zisizonyonya atachukua; asipopata atanunua za plastiki. Wateja wengine walikwisha kuhamia kwenye plastiki zamani.

Rahima alizipanga ukutani. "Nikimkosa na huyu, Baba Mujibu, udongo basi. Sifinyangi tena."

Nikaamua kujifunza glezi, yaani uji wa majivu, udongo mweupe na vioo vilivyosagwa, unaopakwa kwenye chombo na kuyeyuka motoni ukawa ngozi laini isiyopitisha maji. Maelezo niliyasoma kwenye simu. Majivu nilikuwa nayo, ya matawi ya mikorosho yaliyovunjwa na upepo wa mwezi wa saba. Chupa nilizitwanga ndani ya gunia, uso nimeufunga kitambaa. Maelezo yalitaka majivu yaoshwe kwanza kwa maji mengi. Niliona hayo ni ya watu wenye mito. Hapa Makote wakati wa kiangazi maji hununuliwa kwa dumu, na hakuna mtu mwenye akili anayeosha majivu.

Moto wa uani hauyeyushi kioo, kwa hiyo nilipeleka vigae vya majaribio kwa Petro, mwenye tanuri la matofali karibu na Ndanda. Vilitoka na malengelenge.

"Hiki kina tetekuwanga, mzee," Petro alisema.

Nikaongeza kioo. Glezi ikatiririka, kigae kikagandia kwenye rafu, na Petro akakibandua kwa patasi huku amenuna. Nikapunguza kioo, nikaongeza udongo. Safari hii ilifubaa, ikakwaruza kama ukuta wa chokaa, na malengelenge yalikuwa palepale.

Petro alinusa mlangoni mwa tanuri. "Mbona linanuka kama mashamba yenu mkishapuliza dawa? Mmeniletea ubwiriunga niuchome?"

Sikucheka. Nilikuwa nimebadili kioo, nimebadili udongo. Kilichobaki ni majivu. Mwezi wa saba tunapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ukungu mweupe unaoharibu maua ya mikorosho, na unga wake wa njano hushika kila jani na kila gome. Matawi yangu yalianguka yakiwa nao. Salfa ilikuwa inatafuta njia ya kutoka ndani ya glezi, ikiacha vipovu.

Nyumbani nilimweleza Rahima kwamba majivu lazima yaoshwe.

"Kwa maji yapi?"

"Ya pipa."

"Pipa hili? La kupikia na kutawadhia?"

"Hilo."

"Na hayo maelezo yako hayakusema?"

"Yalisema."

Alichukua ndoo, akachota mwenyewe. Tulikoroga, tukaacha majivu yatuame, tukamwaga maji ya juu, tukarudia. Mwanzoni maji yalikuwa ya njano, yanateleza vidoleni kama sabuni. Tuliacha yalipokoma kuteleza, na pipa lilikuwa limebaki na tope la chini tu. Majivu yaliyooshwa hupoteza chumvi na huyeyuka kwa shida, kwa hiyo niliongeza kioo kidogo. Kigae kilitoka laini. Ndipo Rahima akanikabidhi bakuli zenyewe.

Moja ilipasuka tanurini. Zilizosalia zilikuwa za kijani kilichofifia, na tulizipeleka kwa Agnes. Alimimina supu ya mbuzi, akaiacha mpaka wateja wa mchana wakaondoka, akaosha, akanusa, akamnusisha na mpishi wake.

"Rangi kama maji ya kisamvu," alisema.

"Ulilalamika harufu, Mama," Rahima alijibu. "Rangi hukuitaja."

Agnes akacheka. "Haya, nileteeni za meza zote."

Njiani kurudi Rahima aligawa kazi. "Kuchanganya nitachanganya mimi. Mkono wako mzito kwenye vioo. Wewe shika majivu."

Sasa mimi ndiye ninayepanga foleni ya maji pamoja na wanawake. Juzi mmoja wao aliniamkia shikamoo, akaniuliza nina shughuli gani na madumu yote yale.

"Naosha majivu," nilimwambia.

Alimgeukia mwenzake, akamnong'oneza. Nikasogeza dumu langu mbele.