Mbio za Cherehani

Shuleni walimwita Cherehani kwa sababu ya miguu yake. Hakuwa na hatua ndefu kama wakimbiaji wengine. Alipiga hatua fupifupi za harakaharaka, kama sindano inavyodonoa kitambaa, na aliyekuwa nyuma yake alichoka kwa kumtazama tu. Baba yake alikuwa kinyozi. Mama alishafariki zamani, kwa hiyo nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa ya wao wawili, na utani wao ulikuwa huo huo kila siku: baba anakata nywele, binti anakata mbuga.

Kisukari kilimpata akiwa na miaka kumi na mmoja. Kilianza na kiu isiyokatika, kisha akaanza tena kukojoa kitandani, na sketi zikampwaya mpaka akazifunga kwa pini. Daktari alieleza kwamba mwili wake umeacha kutengeneza insulini, hakuna alichokosea kula, na atajichoma sindano maisha yake yote. Baba aliaga kwamba anatafuta choo, akakaa huko muda mrefu.

Mbio hakukatazwa. Daktari alisema akimbie sana tu, kwani misuli yenye mazoezi huitumia insulini vizuri zaidi. Ila apime sukari kabla, ale kitu, na siku ya mazoezi apunguze dozi kama atakavyoelekezwa. Kwa miaka mitatu alifuata. Nyumbani hawakuwa na friji, hivyo dawa ilikaa kwa muuza nyama, jirani wa kinyozi, ndani ya kopo lililoandikwa "hii hailiwi". Kila miezi mitatu kliniki walimpima damu, na nesi alipoona majibu yalivyo mazuri aliwaita wenzake waje kutazama.

Kisha ikaja asubuhi moja, wiki moja kabla ya mashindano. Alichelewa kuamka. Akajichoma dozi nzima pajani, akaiacha chai mezani, akakimbilia uwanjani kwenye mbio za majaribio. Baba alikuwa amefunga duka ili aende kumtazama. Mzunguko wa tatu miguu ya binti ilianza kupishana, kisha akaanguka kifudifudi. Alikuwa bado anaweza kumeza, mwalimu wa michezo akamnywesha soda kidogo kidogo. Baada ya robo saa alikaa kitako akauliza kama muda wake umehesabiwa. Lakini baba alikuwa ameshaona jambo ambalo hakuweza kulisahau: mwanawe alimkazia macho na hakumjua.

"Mbio basi," alimwambia walipofika nyumbani. "Nimezika mmoja. Sitazika wa pili."

Aliandika barua shuleni. Mwalimu wa michezo aliisoma, akaikunja, wala hakubisha. Pengine naye aliogopa. Kuanzia hapo, masomo yakiisha, Cherehani alikwenda kukaa kwenye benchi la wateja dukani, baba amwone. Alifagia nywele, akajibu salamu. Wenzake wakipita mbele ya duka na viatu vyao vya mazoezi, aligeuka akatazama kioo.

Mwili ukabadilika. Sukari ikapanda, dozi ikaongezwa, ikapanda tena. Nesi akauliza kama ameacha mazoezi. Baba akakiri kwamba ni yeye aliyemwachisha. Nesi akamweleza kwa upole kwamba siku ile mbio hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa dozi nzima, tena pajani, ambako kukimbia huiharakisha dawa, na chai iliyobaki mezani. Hayo yanarekebishika. Baba aliitikia kila neno, na njiani akasema nesi hana mtoto mgonjwa.

Binti hakugombana naye. Alianza tu kuruka sindano, leo moja, kesho mbili, akiandika kwenye daftari lake la vipimo namba za kubuni. Asubuhi moja alikutwa anatapika, anahema kwa nguvu kama aliyetoka kukimbia, pumzi yake ikinuka kama tunda lililoiva mno. Muuza nyama ndiye aliyewapeleka hospitali.

Alilazwa siku tisa, nne za mwanzo bila kujitambua vizuri. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki kando yake. Binti alipoweza kukaa, baba aliweka mfuko kitandani. Ndani mlikuwa na viatu vipya vya kukimbilia.

"Nilikosea, mwanangu," alisema. "Ukipona, rudi uwanjani. Nitakubebea soda mwenyewe."

Cherehani alivishika, akavigeuza kutazama soli, akavirudisha kwenye mfuko.

"Baba, nilipokuwa nakimbia nilikuwa sijioni mgonjwa," alisema. "Niliujua ugonjwa pale kwenye benchi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza kinyozi kuliko yote.

Binti alijaribu kukimbia mara moja, kwa ajili ya baba. Mwalimu alimpokea kwa furaha iliyopita kiasi. Nusu mzunguko akasimama, akashika magoti, akasema imetosha. Hakuna aliyemlazimisha tena.

Sasa anajichoma bila kuruka, na daftari lake lina namba za kweli. Daktari alisema kutembea nako ni mazoezi, basi kila asubuhi kabla ya shule wanatembea, baba na binti, mpaka mwisho wa barabara ya lami na kurudi. Baba ana tumbo na hupumua kwa shida, ila haachi. Mara ya mwisho nesi alifurahi kwamba sukari imeanza kushuka, akampongeza baba kwa kumpa mkono. Baba alishukuru. Binti alikuwa ameshatoka nje, anamsubiri mlangoni, nao wakarudi nyumbani taratibu, kila mtu kwa hatua zake.