Bwawa la Mama Tatu

Maua binti Shaban alikwenda nyumbani kwa daktari kupima madirisha, akarudi bila vipimo.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa sabini na mbili. Daktari huyo, mgeni wa mkataba aliyeletwa Tabora mwaka uliotangulia, alitaka mapazia sita, na kwa mapazia mtaa mzima wa Gongoni ulimjua fundi mmoja tu. Maua aliingia sebuleni, utepe wa kupimia shingoni na penseli sikioni, akaona juu ya meza sanduku la kioo lililojaa maji. Ndani ya maji kulikuwa na bustani. Majani marefu membamba yalikuwa yakicheza bila upepo, mengine yalikuwa mapana na mekundu kwa chini, na katikati yake samaki wadogo walipita kama watu wanaokwenda sokoni wasio na haraka. Maua akavuta kiti, akaketi. Mpishi wa daktari alimletea chai, akaenda zake, na aliporudi kuchukua kikombe alikuta chai imepoa na mgeni hajageuza shingo. Nyumbani, mumewe alipomwuliza madirisha ya daktari yana upana gani, Maua alijibu kwamba hakumbuki hata kama nyumba ile ina madirisha.

Mumewe, Abasi, alikuwa fundi wa vioo na mabati. Walikuwa wameoana miaka ishirini na minne. Binti yao Tatu alikuwa ameolewa Nzega, na tangu aondoke nyumba ilikuwa imekaa kimya, kila mmoja na kazi yake: Abasi uani na nyundo, Maua barazani na cherahani. Hawakugombana. Walikuwa tu hawana cha kuambiana ambacho hakijasemwa. Kwa hiyo jioni ile, Maua alipozungumza tangu magharibi hadi isha juu ya majani yaliyokuwa ndani ya maji, Abasi aliacha kula akamsikiliza. Kesho yake akaanza kukata chuma.

Alitengeneza fremu ya chuma cha pembe, akapachika vioo vinene na kuvibana kwa puti, ule ulimbo wa madirishani. Walipojaza maji mara ya kwanza, yalitoka pembe zote nne yakalowesha mkeka, na Abasi akasema kwamba dirisha huzuia mvua isiingie, hili linataka kuzuia mvua isitoke, ni kazi tofauti. Mara ya pili tangi lilishika. Maua alimimina mchanga aliouosha mara saba, akapanda magugu aliyoyatoa bwawa la Igombe, kisha akatia perege wanne wachanga aliopewa na mvuvi wa huko.

Asubuhi yake bustani yote ilikuwa ikielea. Perege walikuwa wameufukua mchanga usiku kucha kama waliotafuta hazina. Maua akapanda upya, nao wakafukua upya. Akawahurumia akidhani wana njaa, akawapa ugali, wakaula nusu, na nusu iliyobaki ikayageuza maji kuwa kama mtindi. Ilipofika Ijumaa perege wote wanne walikuwa wameelea matumbo juu.

Maua alikwenda barazani akaketi kwenye cherahani, na Abasi, aliyekuwa uani, akasikia mashine ikienda na kwenda. Alipochungulia aliona mkewe anakanyaga pedali bila kitambaa chochote chini ya sindano, machozi yanamtiririka. Akarudi uani polepole asije akaonekana.

Mapazia yalipokuwa tayari, Maua aliyapeleka mwenyewe, na safari hii alikwenda na maswali. Daktari alifurahi kumpata mtu wa kuongea naye mambo hayo. Akamweleza kwamba majani yatangulie, samaki wafuate baadaye sana. Majani nayo hula, kwa hiyo ayawekee tope la bwawani chini, kisha mchanga juu yake wa kulifunika. Maji ya bomba ayaache siku mbili kwenye ndoo ili dawa iishe. Tangi likae karibu na dirisha lakini jua kali lisilipige. Na konokono wawili watatu wasafishe vioo. Maua aliandika yote kwa penseli yake nyuma ya karatasi ya vipimo.

Tope zuri alilijua liko wapi. Kaka yake Selemani alikuwa amehamia kijiji cha ujamaa upande wa Usinge, na huko kando ya reli kulikuwa na vidimbwi vilivyojaa masika na kukauka kiangazi. Akamwandikia barua. Selemani alikuja na treni mwezi wa nane, kabeba nusu gunia la udongo mweusi uliokauka ukapasuka vipande kama biskuti, na kabla hata ya kusalimia alianza kulalamika. Mkagua tiketi alimwuliza ana nini ndani ya gunia, akajibu udongo. Anaupeleka wapi? Tabora. Basi behewa zima likataka kujua Tabora kumepatwa na nini hata udongo uagizwe Usinge, na mzee mmoja akampa pole ya msiba.

Maua alitandika udongo ule, akafunika kwa mchanga, akamimina maji juu ya sahani ili yasichimbe shimo, akapanda. Wiki ya kwanza majani yalioza. Wiki ya pili maji yakawa ya kijani hata mkono ukizama hauonekani. Abasi, mtu ambaye hakuwahi kuwa na neno la kufariji, alisema kwamba hata puti huchukua muda kukauka. Maua akaziba dirisha kwa khanga ya zamani kila mchana, akatia konokono, akangoja. Kisha siku moja maji yakasafika, na alipoinama aliona kwenye kila kikonyo kilichooza jani jipya, dogo, la kijani kibichi, limebana kipovu cha hewa kama lulu. Akamwita mumewe. Wakainama wote wawili, mashavu yanakaribiana, wakihesabu vipovu.

Hawakuwa na haja na samaki tena. Bustani iliwatosha.

Ndiyo maana asubuhi moja ya mwezi wa tisa Maua alishtuka sana kumwona samaki. Alikuwa mdogo kama punje ya mchele, anaelea kati ya majani. Akaja wa pili. Kisha wakaja wengine, hadi saba. Maua alikaa chini. Yeye hakuwaweka, na ndani ya nyumba ile walikuwa wawili tu.

Akaelewa. Abasi alikuwa ameona machozi siku ile. Abasi, ambaye kwa miaka ishirini na minne hakumnunulia hata pipi bila kuagizwa, alikuwa ametoka kimyakimya akatafuta samaki wadogo wasiofukua, akawatia bila kusema, kwa sababu hakujua namna ya kusema. Moyo ulimpiga kama wa msichana. Akaamua kwamba kama mumewe anataka iwe siri, basi siri itatunzwa. Siku hiyo, Jumanne isiyo na sababu yoyote, alipika pilau ya kuku.

Abasi aliwaona samaki saa moja baadaye, alipokwenda kukagua puti. Aliwahesabu mara mbili. Kisha akaiona sinia ya pilau inaingia, na mkewe anatabasamu peke yake, na yeye pia akaelewa. Mama Tatu alikuwa amekwenda Igombe tena, kwa miguu, na jua lote lile, akabeba samaki kwenye kopo, na sasa anasherehekea kimoyomoyo akingoja aone kama mume atagundua. Abasi aliila pilau yote. Alipomaliza alipanda juu ya nyumba akaziba tundu la paa la jikoni, tundu ambalo Maua alikuwa akilisemea tangu mwaka wa sitini na sita.

Kwa Maua huo ulikuwa ushahidi mtupu. Mwanaume aliyefanya wema mmoja kwa siri huzidi kulegea. Akamshonea koti la khaki lenye mifuko minne, la kuvalia mikutanoni. Abasi alipolivaa alijitazama kwenye kioo cha dirisha alilokuwa akilitengeneza, lisilokuwa bado na nyumba, kisha akaenda dukani akarudi na doti ya khanga ambayo hakuna aliyemwagiza.

"Ahsante kwa ile kazi," alimwambia mkewe jioni hiyo, akiitazama miguu yake.

"Ahsante wewe," Maua akasema. "Mimi nimefanya nini?"

Abasi aliona jinsi alivyo mnyenyekevu, akampenda zaidi.

Hali hiyo ilikwenda karibu miezi miwili. Samaki walikua upesi ajabu, na madume matatu yakapata rangi, buluu mwilini na vidoa vyekundu, mkia mwekundu kama utepe wa arusi. Mume na mke walikua nao. Walianza kuchekeana bila sababu. Abasi alihamisha nyundo zake barazani ili awe karibu na cherahani. Mwezi wa Ramadhani wakafuturu mbele ya tangi badala ya uani. Siku ya Idi nyumba ilijaa, mtaa mzima ukaja kuangalia kile walichokiita Bwawa la Mama Tatu, na kila aliyeuliza samaki hawa wazuri wametoka wapi, Maua alimwelekezea Abasi kwa kidevu, na Abasi alimwelekezea Maua kwa kidevu, na wote wawili wakainamisha macho. Wageni wakaona ni adabu.

Jirani yao Bi Mwanamkuu, balozi wa nyumba kumi, hakuona adabu. Aliona jambo ambalo halijaandikishwa. Alikuwa mwanamke makini, kila mgeni aliyelala mtaani kwake alijulikana jina na alikotoka, na hapa palikuwa na wageni saba. Wiki moja baada ya Idi akaja na Bwana Samaki, kijana mmoja aitwaye Raymundi aliyekuwa mtumishi wa idara ya uvuvi. Raymundi aliwaamkia shikamoo, akaketishwa, akapewa kahawa, kisha akapiga magoti mbele ya tangi akasahau kahawa. Maua alimpenda hapo hapo.

Alikaa muda mrefu. Mwishowe akauliza udongo wa chini umetoka wapi. Maua akamwambia, kutoka Usinge, dimbwi la kando ya reli, ukiwa mkavu kabisa.

Raymundi alianza kucheka peke yake. Akawaeleza kwamba hawa ni samaki wa vidimbwi vya masika. Dimbwi linapokaribia kukauka hutaga mayai ndani ya tope, kisha hufa wote. Mayai hubaki humo kiangazi kizima, ng'ombe wakikanyaga juu, yakingoja.

"Hakuna aliyewaweka, mama," alisema. "Ulipomimina maji, mayai yalidhani mvua imenyesha."

Maua alimtazama mumewe. Abasi alikuwa amevaa koti lake la mifuko minne, na alikuwa anamtazama yeye, aliyejifunga khanga mpya.

"Kwa hiyo hukwenda Igombe," Abasi akasema.

"Nani kakwambia nilikwenda Igombe? Si wewe uliyewaleta?"

"Mimi? Mimi nilijua ni wewe."

Bi Mwanamkuu aligeuza kichwa huku na huku. Hakuelewa, kisha akaanza kuelewa, kisha akauliza kama pilau ya ile Jumanne, ambayo harufu yake ilimfikia mpaka kwake, ilikuwa kwa ajili ya hao samaki. Maua akakubali kwa kichwa. Na lile paa? Abasi naye akakubali. Balozi alijaribu kujizuia, maana alikuja kikazi, lakini kicheko kilimtoka kama maji ya lile tangi la kwanza, pembe zote. Raymundi akacheka bila kujua anacheka nini. Abasi alikuwa amekunja uso, aibu imemshika, anafungua kifungo cha kwanza cha koti kana kwamba atalirudisha, ndipo akamwona mkewe amejifunika khanga usoni na mabega yanamtetemeka. Akadhani analia. Akamsogelea. Hakuwa analia.

"Koti silitoi," Abasi akasema.

"Na paa langu lisiguswe," Maua akajibu kutoka ndani ya khanga.

Wakacheka mpaka Maua akashika mbavu na Abasi akakaa chini sakafuni kando ya yule kijana. Kila walipotaka kunyamaza, mmoja alikumbuka jambo jingine: ile khanga isiyoagizwa, ile ahsante ya kuitazama miguu, videvu vya siku ya Idi.

Jambo moja Raymundi alilisema mlangoni, kwa upole, kwamba samaki wale hawaishi muda mrefu, miezi michache tu. Maua alilipokea vizuri kuliko alivyodhani mwenyewe. Aliuliza tu kama huko Usinge sasa hivi, mvua zimeanza, vidimbwi vitakuwa vimejaa. Raymundi akasema mwezi wa kwanza vitakuwa vinachemka kwa samaki.

Mwezi wa kwanza wakapanda treni. Walikuwa hawajasafiri pamoja tangu waende Nzega kumwoza Tatu. Abasi alivaa koti, Maua alibeba chungio alilolishona kwa kipande cha chandarua, na njia nzima walikula karanga na kuhesabu madimbwi dirishani, wakibishana lipi limehesabiwa mara mbili.

Selemani aliwapokea stesheni akidhani wamekuja kumwona yeye na mkewe. Alipoambiwa, aliwapeleka kando ya reli kwa uso wa mtu aliyekwishachoka na udongo huo. Dimbwi lilikuwa pana kama ua wa nyumba, maji ya rangi ya chai, yungiyungi zimechanua. Maua alipandisha khanga magotini akaingia. Abasi akakunja suruali, akavua koti, akalikunja vizuri, akampa shemeji yake alishike, naye akaingia. Kila walipoinua chungio lilikuwa na mikia miekundu mitatu, minne, na kila mara walipiga mayowe kama ndiyo kwanza. Wanakijiji waliokuwa wakitoka shamba la pamoja walisimama na majembe begani kutazama watu wazima wawili wa mjini wakichezea dimbwi la ng'ombe.

Treni ya kurudi ilipiga honi stesheni. Selemani akawaita. Akawaita tena. Abasi alikuwa ameteleza, amekaa ndani ya maji mpaka kifuani, na Maua, aliyekuja kumwinua, alikuwa amecheka akaishiwa nguvu, akaketi naye.

Basi wakalala kwa Selemani siku mbili, samaki wao wakiwa ndooni, hadi treni nyingine. Kijijini mgeni wa siku mbili hupewa jembe, wakapewa, wakaenda palizi ya mahindi na wenzao tangu alfajiri. Abasi hakuwa na mkono wa jembe. Aling'oa mche mmoja wa mahindi badala ya gugu, Maua akaurudisha ardhini haraka kabla msimamizi hajageuka, akaushindilia udongo kwa vidole viwili, namna alivyojifunza kupanda ndani ya tangi lake.