Kikombe cha Vidole

"Nyoosha kidole, Voahirana!"

"Sinyooshi. Nyoosha chako."

"Mashine haitaki fundo la kidole. Inataka ncha."

"Na kaburi je, linataka ncha? Nyuma ya ukuta huo kuna babu yangu, bosi. Nimnyooshee kidole kila asubuhi kama mwizi wa kuku?"

Bwana Rajaonera, mkubwa wa ofisi ya tarafa ya Ambohitsara, akautazama ukuta. Mwiko aliujua kama mtu yeyote wa milimani: kaburi unalionyesha kwa kidole kilichokunjwa. Ukinyoosha, kidole kinadondoka. Lakini mashine ya mahudhurio, ya kusoma vidole, ilikuja kutoka Antananarivo na mchoro wake, na mchoro ulisema ifungwe ukuta wa mashariki, upande wa kaburi. Yeye hakuigusa. Wakubwa hawakuandikishwa humo.

"Tuihamishie ukuta ule mwingine," Voahirana akasema. "Skrubu nne tu."

"Mchoro ni mchoro, mama."

Solofo wa ushuru wa soko ndiye aliyenyoosha wa kwanza. Mchana, akila wali, kidole kikadondoka. Damu hakuna. Akakifuta mchuzi, akakitia mfukoni mwa shati pamoja na kalamu. Kesho yake akakigusisha kwenye mashine, ikawaka kijani.

"Kinashika?" wenzake wakauliza, wakimzonga.

"Kuliko kilipokuwa mkononi. Hakitetemeki."

Wakakipokezana. Wakakinusa. Mmoja akakigeuza juu chini, mashine ikakikubali vilevile. Wiki hiyo wote wakanyoosha, isipokuwa Voahirana.

Halafu Solofo akawaza: kidole kikishafika kazini, mwenyewe anafuata nini? Wakaviacha vidole vyao vilivyodondoka kwenye kikombe cha bati mlangoni. Mlinzi alivigusisha asubuhi kabla ya kuchemsha maji ya ukoko wa wali ya kunywa, akavigusisha tena jioni. Vilikuwa na joto kidogo, na Ijumaa vilichangamka. Solofo akaenda kulima mpunga wake.

Voahirana akabaki peke yake. Aliandikisha watoto waliozaliwa, akatoza ushuru wa soko badala ya Solofo, akagonga mihuri ya wote. Kila asubuhi aligusisha fundo la kidole, mashine ikawaka nyekundu.

Mkaguzi akaja. Alikuta foleni ya akina mama imefika hadi barabarani, na mtu mmoja tu mezani. Akasoma mashine.

"Wote wapo," akasema, ameridhika. "Isipokuwa wewe. Miezi miwili hujakanyaga hapa."

"Sasa anayeongea na wewe nani?"

"Sijui, dada. Mashine haikujui. Na mtoro anafutwa kazi leo."

"Bwana mkubwa!" mama mmoja akapaza sauti. "Huyo ndiye aliyemwandikisha mwanangu!"

"Basi mwanao kaandikishwa na mtu asiyekuwepo. Mlete upya."

"Nimlete kwa nani?"

Mkaguzi akaangalia meza tupu, akaangalia mashine. "Kwa hao waliopo."

Voahirana akaweka muhuri mezani, akachukua kikapu chake. Rajaonera alikuwa anasoma mchoro ukutani.

"Lakini kwa nini hukunyoosha tu?" mkaguzi akauliza. Alitaka kujua kwa kweli.

Voahirana akakunja kidole, akaonyesha dirishani. "Babu yangu kalala pale."

"Wapi? Lile la mawe, pale?" Mkaguzi akanyoosha chake.

Voahirana akakitazama. Kilikuwa kisafi, ukucha umekatwa vizuri.

"Kikombe kiko mlangoni," akasema, akageuka, akaondoka.