Ufagio Mkavu

Vumbi lilikuwa bado linaelea kwenye mwanga wa dirisha wakati wanawake wa mtaa walipoanza kuingia ukumbini, na mfagizi alilitazama kama mtu anayeona siri yake ikitembea hadharani. Kwa miaka sita alikuwa akinyunyizia sakafu ile maji kabla ya kufagia. Leo hakunyunyizia. Alijiambia bomba halikuwa na nguvu, ingawa ndoo ilikuwa imejaa pomoni nyuma ya mlango.

Mbele, mdogo wake alibandika picha ya mapafu ukutani. Mwenye pumu ndiye mwalimu wa pumu. Mtaa mzima ulimpenda kwa hilo. Utotoni alilala upande wa dirisha kwa sababu ya kifua. Hakushika ufagio kwa sababu ya kifua. Wageni walipokuja, yeye aliulizwa hali. Dada mtu aliulizwa maji ya kunywa yako wapi. Kifua kile kilimdekeza mmoja na kumtumikisha mwingine, na sasa kilikuwa kimegeuka cheo.

"Jamani, msifagie kavu," mdogo mtu alisema. "Nyunyizeni maji kwanza. Vumbi halina urafiki na mwenye pumu."

"Umeyajulia wapi hayo yote, mwalimu?" fundi cherehani aliuliza.

"Semina, mama. Siku tatu nzima."

Semina! Mfagizi aliuma mdomo. Alikuwa na miaka tisa alipogundua, peke yake na kopo lake la maji, kwamba sakafu ikilowa, mdogo wake hakohoi. Hakuna aliyemwita mwalimu.

Pembeni, afisa wa afya aliandika kitu. Alikuwa amekuja kuchagua msimamizi wa wahamasishaji wote wa mtaa, na tangu mlangoni alikwisha kusema, "Nataka mtu mwenye afya ya kupanda ngazi za watu."

Sentensi za mdogo mtu zikaanza kufupika. "Moshi… pia. Fungueni… madirisha." Wengine walidhani ni mbwembwe za ualimu. Mfagizi peke yake aliujua ufupi ule. Alilala nao chumba kimoja utoto mzima. Mabega yakapanda. Mkono ukaingia mfukoni, ukaigusa pampu ya dawa, macho yakamwangukia afisa, mkono ukatoka mtupu.

Raha, tena raha chafu, ikampanda mfagizi mpaka kooni. Waache waone. Aumbuke mbele ya picha yake.

Ndipo macho yao yakakutana. Ya mdogo mtu yalishuka sakafuni, yakafuata vumbi lililosalia pembeni, yakarudi kwa dada yake. Alikwisha kujua. Na bado hakusema neno.

Mfagizi akajikuta amesimama.

"Samahani, mwalimu. Maneno tumeshiba. Hiyo pampu inatumikaje? Vuta mwenyewe tuone."

"Ee, mdomo upumzike, mkono nao ufanye kazi!" mtu alitania, watu wakacheka.

Mdogo mtu akaitoa pampu upesi. Akaitikisa, akashusha pumzi, akaifumbia midomo, akabonyeza huku akivuta.

"Sasa anaizuia dawa ndani mpaka kumi," mfagizi alisema. "Tumhesabie."

Wakaanza mbio mbio.

"Polepole jamani, hamkimbizwi!" Akahesabu yeye, ukumbi ukamfuata.

"Anaigiza utadhani kabanwa kweli," fundi cherehani alimnong'oneza walipofika kumi. "Mdogo wako ana kipaji. Nawe ungejifunza kwake."

Maneno yale yakamchoma palepale pa siku zote. Akarudisha macho mbele. Mabega ya mdogo wake yalikuwa bado juu.

"Vizuri sana," afisa alisema, akifunga daftari. "Tumeelewa. Tuendelee."

"Bado, bwana afisa. Kuna mvuto wa pili, na kabla yake watu husubiri. Hilo nalo tulione."

Wakasubiri. Kiti kililia mahali, mtu akakohoa. Mfagizi hakuyaondoa macho kwenye mabega yale, na pampu ilipopanda tena mdomoni, alianza kabla ya wengine wote:

"Moja."