Pindo la Mfuko wa Upepo

Wamaitha alikuwa ameahirisha kuruka mara tatu, na kila mara alitoa sababu ambayo hata pasta angeikubali. Mara ya kwanza kulikuwa na mazishi Molo. Mara ya pili chama kilikuwa kinakutana kwake, na mtu hawezi kuwaachia wanawake kumi na wanne sufuria ya mukimo akaenda kupaa angani. Mara ya tatu hakukuwa na mazishi wala chama. Aliogopa tu, akasingizia goti. Goti nalo, kana kwamba lilisikia likitajwa, likaanza kuuma kwelikweli.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Mtaani Rhonda alijulikana kwa kushona sare za shule, na kwa miaka minne sasa watu wachache sana walimjua pia kama fundi wa mabawa. Hilo lilianza siku Bethwel alipoingia dukani kwake na furushi la kitambaa kilichopasuka. Bethwel alikuwa mtu wa kuruka: alikuwa na bawa, pembetatu kubwa ya mabomba mepesi iliyotandwa kitambaa kigumu, naye hujifunga mikanda chini yake, akakimbia akiteremka ukingo mpaka miguu ikaacha ardhi, kisha akalala kifudifudi hewani akishika bomba. Mafundi watatu wa mjini walikuwa wameangalia lile furushi wakacheka. Wamaitha aliuliza tu uzi uwe wa aina gani. Tangu hapo kila mpasuko uliletwa kwake, na kila mara Bethwel alimwambia kwamba siku moja lazima apande naye, aone kazi yake ikiwa kazini.

Na ukweli ni kwamba alitamani. Sare alizoshona aliziona kila asubuhi zikipita barabarani, nyingine zikiwa zimeshachafuka kabla ya saa mbili. Lakini bawa alilijua tu likiwa limetandazwa sakafuni mwa ukumbi wa kanisa, limekufa kama shuka. Alitaka kuliona kutoka chini yake, likiwa limejaa hewa, mshono wake ukibeba mtu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Walioruka kutoka ukingo wa juu ya Kabazi walitua katika shamba la Kang'ethe kule bondeni, na shamba hilo lilikuwa tupu tu kati ya kuvunwa mahindi na kuja kwa mvua ya masika. Kang'ethe alikuwa ameshatuma habari kwamba trekta ingeingia Jumatatu, na Jumapili Wamaitha hakosi kanisani. Akishapanda, hakuna wa kutua pale mpaka mavuno, na mpaka mavuno goti la Wamaitha lingekuwa limefika wapi? Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba mwaka huu bado anaweza kukimbia hatua chache, mwakani asiahidi. Ama aruke Jumamosi hii, ama awe bibi wa kuwadanganya wajukuu. Binti yake Lynn alimpigia simu asubuhi kumkumbusha kwamba wamama wa rika lake hukaa chini wakapumzika. Wamaitha alimjibu kwamba atapumzika akiwa angani, maana alisikia mtu huruka amelala.

Bethwel na mkewe Jepleting walimchukua kwa pikapu, bawa likiwa limefungwa juu, refu kuliko gari lenyewe. Njia nzima upepo ulikuwa ukisukuma. Kwenye kona za kupanda kutoka Bahati majani ya mikaratusi yaligeuka upande wake mweupe, na mbele ya duka moja kuku alipita barabarani manyoya yamemfunika kichwa. Bethwel aliendesha kimya. Alisema tu kwamba wataamua wakifika, kwa sababu mwenye kusema ni mfuko.

Mfuko wa upepo, mrija wa kitambaa ulio wazi pande zote wa kuonyesha nguvu ya upepo, ulikuwa juu ya mlingoti pale ukingoni. Kanuni yao ilikuwa rahisi: ukining'inia nusu, ruka, ukinyooka, kaa chini. Zamani walikuwa na kamashine ka kupimia upepo pia, lakini Desemba kaliangukia mwamba na hakakusema tena, wakabaki na mfuko pekee. Na mfuko wenyewe ulikuwa kazi ya Wamaitha. Ule wa zamani, wa nailoni nyepesi, ulipasuka kila mwezi, Bethwel akamwomba amshonee mwingine wa kudumu. Aliushona kwa turubai la hema la kanisa, akaupeleka kabla ya Krismasi. Bethwel aliusifu mbele ya watu, na Wamaitha alirudi Rhonda kichwa kikiwa kikubwa. Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini nani humkumbuka mgema siku ya kusifiwa?

Waliposhuka garini, mfuko ulikuwa umening'inia nusu.

"Mathe, mfuko inasema tuko sawa," Bethwel alisema, na uso wake ukafunguka. "Upepo iko juu kidogo, lakini ni ya kuruka."

Wamaitha alimshukuru Mungu kwa sauti. Furaha ilimpanda mpaka akasahau goti. Bethwel na Jepleting walianza kuunganisha mabomba, naye akavalishwa kofia ngumu na mikanda, akafundishwa namna ya kukimbia: mkono mmoja begani kwa Bethwel, hatua ndefu, asikae chini hata akiogopa, asiache kukimbia mpaka aambiwe. Jepleting ndiye angeshika nyaya za mbele mpaka dakika ya mwisho. Alikuwa mwanamke mpole wa maneno machache, lakini Wamaitha aliona kwamba leo alikuwa akiliegemea bawa kwa uzito wake wote ili lisimponyoke.

Hapo ndipo upepo ulipoanza kumsumbua. Kitambaa chake cha kichwa kilitaka kutoka, akakifunga upya, kikataka kutoka tena. Kwenye ua wa seng'enge, mfuko wa plastiki wa mbolea ulikuwa umenaswa, nao ulikuwa umenyooka kabisa kuelekea nyuma, ukitetemeka, haushuki hata kidogo. Wamaitha aliuangalia ule wa plastiki. Akaangalia ule wa mlingotini, ambao ulikuwa ukitikisa mkia wake taratibu kama ng'ombe aliyeshiba. Upepo ni mmoja. Mifuko miwili ilikuwa inasema mambo mawili.

Akaukazia macho mkia wa mfuko wake.

Aliliona pindo. Lilikuwa pana kama kiganja, limekunjwa mara mbili, limepitishwa uzi mara tatu. Kwa miaka thelathini hakuna nguo iliyotoka kwa mashine ya Wamaitha bila pindo la namna hiyo, kwa sababu kila mzazi wa Rhonda huagiza sare ya mtoto wa leo na wa mwaka kesho: mtoto akirefuka, pindo linafumuliwa, gauni linaendelea. Mikono yake ilikuwa imefanya ilichozoea bila kumuuliza. Alikuwa ameuachia mfuko wa upepo pindo la kukulia. Turubai zito, na chini yake mkunjo juu ya mkunjo, uzito wote mkiani. Upepo wa kumtupa mtu ungekuja, na mfuko ule ungeendelea kuning'inia nusu.

Alisimama pale amefungwa mikanda, na sitaficha kilichompitia, kwa sababu hata yeye hakukificha alipokuja kusimulia. Alifikiri anyamaze. Alijiambia kwamba Bethwel amekuwa akiruka na mfuko huo tangu Krismasi na bado yu hai. Alijiambia kwamba yeye ni fundi wa sare, mambo ya hewa yana wenyewe. Alimwambia Mungu kwamba ni mara moja tu, na kwamba Jumatatu kuna trekta. Kisha akakumbuka Januari. Januari Bethwel alimletea bawa lililochanika tangu ncha hadi katikati, naye kiwiko kimechunika nyama, akasema upepo wa mwaka huu ni wa ajabu, umemrudisha nyuma ukamtupa kwenye mikaratusi. Wamaitha alimpa pole. Akashona ule mpasuko usiku mbili, akihurumia bawa, kumbe aliyelipasua ni yeye.

"Bethwel," alisema. "Tusiruke. Mfuko unadanganya."

Bethwel aliinua kichwa kutoka kwenye mabomba. "Inadanganya aje?"

"Niliushona vibaya. Ni mzito. Angalia pale kwa seng'enge."

Bethwel aliangalia seng'enge, kisha mlingoti, kisha akamtazama yeye. Ilikuwa dhahiri kwamba hakutaka kuamini. Hakuna mtu hupenda kusikia kwamba miezi mitatu amekuwa akimsikiliza mwongo. Wamaitha hakubishana. Alikwenda kwenye pikapu, akainua kiti, akatoa ule mfuko wa zamani wa nailoni ambao sasa ulitumika kufutia kioo. Ulikuwa umepasuka ubavuni na kunuka petroli. Akaushika mdomo kwa mikono miwili, akauinua. Hata ukiwa umepasuka ulinyooka papo hapo, ukamvuta hatua moja nyuma.

Bethwel alishika kiwiko chake, pale penye kovu, na Wamaitha aliona kwamba ameelewa.

"Ni mimi nilikuangusha," alimwambia. "Nisamehe, kijana yangu."

Bethwel alilala chini kwa muda, mgongo nyasini, akitazama juu. Kisha akamuuliza kwa nini alisema. Kama angenyamaza, sasa hivi wangekuwa wanakimbia. Wamaitha akamjibu kwamba ndiyo, wangekuwa wanakimbia, na Jepleting angebaki ukingoni akitazama wakitupwa. Jepleting, ambaye hakuwa ameongea tangu asubuhi, aliacha bawa, akaja akamshika Wamaitha mkono, asiuachie upesi.

Wakalaza bawa, wakayakalia mabomba yake ili lisipeperuke. Ilikuwa saa sita. Bethwel alisema upepo wa mchana huwa na kiburi, ila jua likipungua huchoka, siku nyingine huchoka mapema, siku nyingine hauchoki kabisa. Hakuahidi. Wamaitha hakuomba ahadi. Alitoa sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa sweta, mahali inapokaa miaka yote, akaanza kuziba ubavu wa mfuko wa zamani. Safari hii alishona polepole na kujikemea. Alipofika mkiani, mkono ulianza wenyewe kukunja pindo. Akaupiga kofi. Jepleting alicheka mpaka akakohoa, na kicheko hicho kikawaondolea wote mzigo.

Wakateremsha ule wa turubai, wakapandisha wa nailoni. Ulinyooka. Saa nane ulikuwa umenyooka. Walikula viazi vya kuchemsha na chai ya chupa. Saa tisa ulikuwa umenyooka, na kule chini, mtu mdogo kama punje alionekana akizunguka shamba tupu. Ni Kang'ethe, aking'oa mabua ya mwisho ili trekta isipate taabu. Wamaitha alimwangalia bila chuki. Mtu lazima apande. Alijisemea kwamba akirudi nyumbani bila kuruka, bado atakuwa amemrudisha mume wa mtu, na kwamba hilo si dogo. Alijisemea hivyo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza halikumwingia.

Saa kumi na nusu mkia wa mfuko ulishuka, ukapanda. Saa kumi na moja kasoro ulishuka tena, ukakaa. Nyasi za ukingoni zilikuwa zimeacha kulala. Upepo ulikuwa bado unapanda kutoka bondeni, lakini sawasawa, bila kusukumana. Bethwel alitazama saa yake, akangoja robo saa nzima, na mfuko ukabaki pale pale, nusu.

"Mathe, mfuko ni yako," alisema. "Sema wewe."

Wamaitha aliutazama. Aliijua kila sindano aliyoipitisha ubavuni mwake, na hakukuwa na pindo. Kisha akatazama ule wa plastiki kwenye seng'enge, kwa sababu aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nao ulikuwa umelegea. Goti lilikuwa limekakamaa kwa kukaa, kila likikunjwa lilimlalamikia. Alilipiga kofi pia.

"Twende," alisema.

Wakamfunga upya. Jepleting alishika nyaya za mbele, na sasa alizishika kwa vidole tu. Juu ya kichwa chake Wamaitha aliona kitambaa kikijaa, na katikati yake mshono wa Januari, mrefu, mnyoofu, ukikaza bila kunung'unika. Akatamani kusimama autazame vizuri, lakini Bethwel alikuwa ameshahesabu. Jepleting aliachia, akajitupa kando. Wakakimbia. Hatua ya kwanza goti lilimchoma. Ya pili lilimchoma. Ya tatu aliomba Mungu, ya nne akaendelea kuomba, na alikimbia kama alivyofundishwa, hatua ndefu, bila kukaa, bila kuacha, akipiga mateke kwa bidii zake zote, mpaka aliposikia Bethwel akicheka karibu na sikio lake.

"Mathe, pumzisha miguu," alimwambia. "Tulitoka kitambo."

Wamaitha akatazama chini. Akaacha kukimbia, mguu mmoja baada ya mwingine, ule mgonjwa ukawa wa mwisho.