Siku Mzee Isidori Alipolisifu Jiwe

Wiki ya tatu sasa tangi langu la kioo lilikuwa limekaa pale ukutani, limejaa maji ya chumvi, na ndani yake hamna kitu. Mtu akiingia mgahawani kwangu hapa Dongobesh, kabla hajaagiza chai anaenda kuinama mbele ya kioo, anatazama weee, kisha anageuka, "Mama Loveness, samaki wamejificha wapi?" Nikimwambia bado hawajaja, anacheka mpaka anashika meza.

Kucheka kwenyewe kusingeniuma kama wangekaa. Tatizo wakishacheka wanavuka barabara kwenda mgahawani kwa Rogathe. Rogathe alileta televisheni kubwa kama mlango, na tangu siku hiyo mabenchi yangu yakawa yananitazama mimi. Nami nimezoea nyumba iliyojaa. Kwetu Endagikot tumezaliwa kumi na mmoja, kitanda kimoja tulilala watano. Nyumba ikinyamaza naona kama kuna msiba. Chakula changu kilikuwa kilekile, makande yaleyale, watu ndio hawakuwepo. Na bila watu hata umbea unafika Dongobesh mimi nikiwa wa mwisho kuusikia.

Tangi alikuja nalo mwalimu Gerald. Anafundisha biolojia pale sekondari, mwenyeji wa Muheza kule Tanga, amepanga chumba changu cha uani. Aliachiwa na daktari mmoja aliyehama, na chumbani kwake likakataa kupita mlangoni.

"Mama, tuliweke mgahawani," akasema. "Televisheni kila mtu ataipata. Bahari nani anayo hapa?"

Nilikubali siku hiyohiyo. Nilitaka hata twende tukachukue chumvi ya ziwa Balangida, si ipo hapo chini tu, ng'ombe wanailamba wananenepa. Akanikatalia. Akaagiza ya kwake ya mfuko, akapima, akakoroga kwa mwiko wangu wa ugali, halafu ndipo akanipa habari ambayo mwanzo hakunipa. Samaki hawaingii kabla ya mawe.

"Mawe gani, mwalimu?"

"Mawe hai. Yamekaa baharini mpaka wadudu wadogo wadogo wakahamia ndani yake. Hao ndio wanaosafisha maji. Ukimweka samaki bila hayo, anakufa kwa uchafu wake mwenyewe."

Mbulu nzima hii imejaa mawe, na mimi nasubiri mawe ya kutoka Tanga. Rogathe aliposikia, alimtuma mteja wake aniletee moja la kujengea msingi, pamoja na salamu.

Jumatano moja Gerald akaingia jikoni na simu mkononi. Kwenye kundi lao la wafuga samaki alikuwamo dada mmoja anaitwa Judica, aliyesafirisha mapipa matatu ya mawe hai kwa ajili ya hoteli fulani ya huku kwetu. Alipofika, mwenye hoteli akasema kwa simu kwamba ameona picha, mawe yenyewe machafu, kisha akazima simu. Judica akayapeleka Katesh kwa dada yake, na kesho asubuhi anarudi nayo Tanga.

"Kama si leo, mama, tusubiri miaka miwili. Mengine ndiyo kwanza ameyazamisha."

Mimi sinunui kitu chenye uhai bila mzee Isidori. Ni dalali wa mnadani, miaka arobaini sasa. Ng'ombe hapiti Dongobesh bila yeye kumshika nundu. Nilipomweleza alivaa koti lake la mnadani na kuchukua fimbo.

"Kama yana uhai," akasema, "yana kasoro."

Tukateremka Dareda, tukafika Katesh saa nane mchana. Judica tulimkuta uani kwa dada yake, amevaa mabuti ya mvua, Mpare aliyezaliwa na kukulia Tanga, mwembamba, macho yamechoka. Mapipa yalikuwa kivulini, pampu ndogo ya betri inabubujisha maji. Wanaume wanne wa mnada wa Katesh walikuwa wameegemea uzio wa jirani. Walimwona Isidori wakamwamkia, kisha hawakuondoka tena.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Tuonyeshe mali."

Judica akatueleza vizuri, kama mtu anayetaja watoto wake. Matumbawe ya baharini hayaruhusiwi kung'olewa, kwa hiyo yeye na wanawake wenzake wanafinyanga mawe kwa saruji, mchanga na makombe ya chaza, wanayazamisha kwa kibali, na miaka miwili wanaingia majini bahari ikipwa, kuyageuza moja moja.

"Usichague zito," akaniambia, akinipa mawili niyapime mikononi. "Zito limeziba ndani, halina vyumba. Chukua jepesi lenye mashimo, ndilo lenye wapangaji. Halafu linuse. Likinuka yai bovu, wapangaji wamekufa."

Nikalinusa. Mimi bahari sijawahi kuifikia, sikuwa na cha kulinganisha. Nikampa Gerald. Alilishika puani muda mrefu, akanirudishia, akaenda kuangalia pampu ambayo haikuwa na shida yoyote.

Lilikuwa jiwe la ukubwa wa mkungu mdogo wa ndizi, lina waridi na zambarau na kijani, limetoboka kila upande. Kwenye shimo moja kulikuwa na kitu chembamba kinachungulia, kinarudi ndani, kinachungulia tena, kama mwanamke anayetaka kujua mgeni wa jirani ni nani. Nilijua hapohapo kwamba hili ni langu. Nyumba iliyojaa, hiyo.

Isidori akalichukua. Akaligeuza. Akakohoa.

"Hili ndilo unaliita jiwe?" akaanza. "Limeliwa na mchwa lote. Halina nyama hata kidogo. Rangi ya kidonda. Na hiki kinachochungulia ni nini, mnyoo? Mwanangu, mnyama mwenye minyoo hata ukipewa bure unafikiria mara mbili. Umetoka nalo Tanga yote hiyo kuja kututupia?"

Kule uzioni walikuwa wanatikisa vichwa kwa raha. Alikuwa amefungua vizuri sana. Kwa desturi, hapo mwenye mali anatakiwa amjibu kwamba mzee una macho mabovu na mfuko umetoboka, wapandishane, wacheke, bei izaliwe.

Judica alilichukua jiwe taratibu mkononi mwa mzee, akalirudisha majini, akafunga mfuniko wa pipa. Kisha akafunga na la pili.

"Basi, baba. Mawe yangu hayajafika kwenu. Mrudi salama."

Isidori alibaki mkono uko hewani. Akaninong'oneza, "Huyu vipi? Mbona hanitukani?"

"Hajui, mzee. Huyu mnadani hajawahi kufika."

"Sasa anauzaje vitu?"

Judica alikuwa ametupa mgongo, anakunja magazeti yaliyolowa. Mabega yake yalinipa huruma. Nikafikiria tangi langu, na mabenchi, na yule mteja na jiwe la msingi. Nikamfuata.

"Dada, nisikilize. Mzee wetu ameyapenda mawe yako kuliko mimi. Kwetu huku mtu akisema 'ng'ombe wako mzuri sana, Mungu akubarikie', ujue anaondoka, hanunui. Akimponda mpaka mkia, huyo amekuja na kamba."

Aligeuka. "Na mimi ningejuaje hayo? Mwenye hoteli ameniambia machafu. Nimefika kwenu naambiwa kidonda. Haya mawe nimeyageuza nikiwa na mimba ya miezi minane."

"Nimekuelewa."

"Kama anayapenda, aseme mwenyewe. Kwa mdomo wake."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Dalali kusifu mali kabla ya bei, tena mbele ya wenzake wanne walioegemea uzio, ni sawa na padri kuimba mziki wa baa kwenye misa. Isidori alinitazama, akautazama uzio, akanitazama tena.

"Mama Loveness, wale kesho watalitangaza hili mnada mzima."

"Watalitangaza, mzee. Nami nyumbani kwangu hakuna hata wa kutangaziwa. Wewe mwenyewe juzi ulikunywa chai peke yako."

Mzee akavua kofia, akampa Gerald amshikie na fimbo. Akafungua pipa, akalitoa jiwe kwa mikono miwili, maji yakamtiririka ndani ya mikono ya koti.

"Nimeshika migongo ya ng'ombe wengi," akasema polepole. "Hili ni jepesi kama ndama wa leo, na bado ndani kumejaa. Sijawahi kuiona bahari. Nimeinusa leo, hapa Katesh. Na huyu anayechungulia, mimi nilimwona kabla ya mwalimu. Ndiyo sababu nikamtukana yeye kuliko wote."

Kule uzioni mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mzee amekwisha," na mwenzake akampiga kiwiko.

Judica alijifuta uso kwa nyuma ya mkono, nadhani alikuwa anacheka na hakutaka tuone. Akataja bei. Nikamtazama Isidori apunguze.

"Nimeshasema yote hayo," akanung'unika, "nitapunguza kwa mdomo gani?"

Nikalipa kama ilivyotajwa. Judica akafunga jiwe letu na mengine manne kwa magazeti mabichi, akayapanga kwenye boksi la barafu lisilo na barafu, na juu yake akaongeza kadogo ambako hatukukaomba.

Siku tatu za kwanza maji yalichafuka kama ya kuoshea mchele, na kwa Rogathe walicheka wakasikika huku. Sikulala vizuri, sitadanganya. Siku ya nne asubuhi dereva wa lori la vitunguu alikuwa anapuliza chai, akaweka kikombe chini.

"Mama, jiwe lako limetoa mkono."

Kweli. Mkono mwembamba wenye manyoya, ukifuatiwa na wa pili. Gerald alipotoka shule akasema ni ndugu wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Kufika jioni watoto wa shule walikuwa wamebandika pua kwenye kioo, na kesho yake wakaja mama zao kuwafuata watoto, nao wakakaa. Ikaonekana konokono mweupe. Likaonekana jani jekundu ambalo jana halikuwepo, na ubishi wake ulichukua sufuria mbili za makande. Mzee Isidori ana kiti chake pembeni ya tangi. Anawaeleza wageni alivyolichagua, na sehemu ya kusifu anaipita haraka, lakini wale wanne wa Katesh waliisambaza zamani, kwa hiyo inabidi airudie.

Jana Gerald amepima maji. Labda mwezi ujao, anasema, samaki wawili wadogo. Mimi sina haraka.

Maana jana hiyohiyo saa kumi na mbili jioni Rogathe alivuka barabara. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, kwa sababu kwangu mabenchi yalikuwa yamejaa.

"Yule mwenye mikono ametoka leo?" akauliza, kama mtu asiyejali.

"Bado. Sogea hapa, chai inakuja."